Tulimkimbia dalali, tukaangukia kwa dalali

Dalali mmoja wa Kibaigwa alinicheka mpaka akalazimika kuketi juu ya gunia. Ilikuwa Juni 2023, mahindi mapya yakiingia sokoni kwa Fuso na kwa mikokoteni ya ng'ombe, na ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita ukipeperusha pumba mpaka ndani ya vikombe vya chai. Nilikuwa nimemweleza kwamba huduma yetu ya bei za mazao haijatoa bei tangu juzi kwa sababu akaunti yetu imefungwa.

"Imefungwa na nani?" akauliza.

"Na wenye mtandao, mjomba."

"Mmewakosea nini?"

"Hawajasema."

"Sasa si uende ukawaone? Ofisi yao iko wapi?"

Nikamwambia iko ng'ambo, na kwamba hata ningefika getini hakuna ambaye angenijua. Hapo ndipo alipoketi. Alipomaliza kufuta machozi akasema, "Miaka mitatu mnazunguka vijijini mnatutangaza sisi madalali ni wanyonyaji. Haya. Mimi mkulima akinichukia anajua nilipo. Anakuja hapa, ananitukana mbele ya vijana wangu, tunayamaliza. Wewe dalali wako hata sura yake huijui."

Nilikunywa chai yangu na pumba zake.

Jina la kampuni ile silitaji. Ingeweza kuwa yoyote kati ya zile tano sita ambazo kila mtu anatembea nazo mfukoni, na ukikaa kusoma masharti yao utadhani yameandikwa na mkono mmoja.

Nieleze kwanza tulikuwa tunafanya nini. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu tuliyesoma naye Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, upande wa kompyuta, na dada mmoja mhasibu, ambaye kati yetu ndiye pekee aliyewahi kushika jembe kwa shida na si kwa picha. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Nkuhungu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kila kikao chetu kilikuwa na mlio wa nondo zinazoshushwa. Biashara yenyewe haikuwa na miujiza. Mkulima wa Kongwa, Mpwapwa au Chamwino anavuna mara moja kwa mwaka kwa sababu mvua yetu ni moja, ya Desemba mpaka Aprili. Akishavuna ana ada ya mtoto na deni la dukani, hivyo anauza haraka. Anayemfikia kwanza ni dalali, na dalali ndiye anayejua leo pale sokoni wananunuaje. Mkulima hajui. Juu ya hapo kuna lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linaota nundu, likabeba madebe ya ziada ambayo hayalipiwi. Sisi tulituma bei ya asubuhi, kwa kilo, na kumkutanisha mkulima na mnunuzi aliyekubali mizani. Tulikata shilingi 500 kwa gunia, na anayelipa ni mnunuzi.

Tulianza mwaka 2020 kwa meseji za kawaida, zile zinazofika hata kwenye kitochi. Zilifanya kazi, ila kila moja ina bei yake, na ukituma kwa watu elfu mbili kila siku ya Mungu, mhasibu wako ataanza kukuangalia kwa jicho la upande. Kufikia mwisho wa 2021 gharama ya meseji ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya kamisheni. Januari 2022 tukahamia kwenye ule mtandao mkubwa.

Nisiwe mwongo: palikuwa patamu. Kutuma ilikuwa bure. Ungeweza kurekodi sauti, na sauti ilibadilisha kila kitu, kwa sababu mzee asiyesoma vizuri alisikia bei kwa masikio yake bila kumsubiri mjukuu atoke shule. Tuliweka bei kwa Kiswahili, siku nyingine kwa Cigogo, tukianza na "Mbukwenyi," na watu wakawa wanatuma majibu ya sauti, malalamiko, picha za mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Mwenzangu akaunda roboti ya kujibu: ukiandika "alizeti" inakupa bei ya alizeti. Kutoka watu elfu mbili tukafika zaidi ya elfu tano ndani ya msimu mmoja, wengi wakiingia wenyewe kwa kiungo walichotumiwa na jirani. Hatukuwajua kwa majina. Wengine walijiita "Baba J," wengine walikuwa alama ya ua na nyota mbili. Hatukujali. Walikuwepo, wanasoma, wanauza.

Na onyo tulikuwa nalo. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kabla ya saa moja, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima, zikarudi usiku wa manane. Chanzo kilikuwa cha kawaida kabisa: katika matengenezo, amri moja iliyokosewa ilikata mawasiliano kati ya vituo vya data vya kampuni, na seva zake zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti, ikawa kama kampuni haijawahi kuwepo. Sisi wakati ule tulikuwa bado kwenye meseji za kawaida. Bei za asubuhi yake tulizituma kama kawaida, na tukawatania wauza nguo wa Majengo tuliowafahamu, waliokuwa wanazunguka na simu mkononi kama watu waliofiwa. Miezi mitatu baadaye tukahama na mizigo yetu yote kwenda kuishi palepale kwa mtu mmoja.

Kwenye shindano moja la wabunifu, jaji mama wa makamo alituuliza: "Na hawa wakiwafungia?" Nakumbuka tulivyocheka kwa adabu. Mimi nilijibu kwamba kampuni ile ina watumiaji mabilioni, haiwezi kufa leo wala kesho. Alinitazama kidogo, akaandika kitu, akaenda kwa swali lingine. Sasa najua alichoandika. Yeye hakuuliza kama wao watakufa.

Wakatufungia siku ya Jumatatu, alfajiri. Mwenzangu alikuwa amefika mapema kuingiza bei alizopigiwa na vijana wetu wa sokoni. Akakuta maandishi mistari miwili: akaunti imekiuka sera za biashara, tunaweza kukata rufaa hapa chini. Sera ipi, haikusemwa. Kisanduku cha rufaa kilikuwa kidogo, hakizidi aya moja. Akaandika kwa Kiingereza kizuri, kile cha maombi ya kazi. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: tumepitia kwa makini, uamuzi unabaki. Akaandika tena, jibu lilelile, mpaka nukta. Mara ya tatu hasira zikamshika akaandika kwa Kiswahili, akianza na shikamoo. Dada mhasibu akamwuliza, "Unamwamkia nani humo?" Naye akasema, "Sijui, lakini kama yupo basi ni mkubwa."

Mpaka leo hatujui kosa letu. Tuna makisio. Wiki ile mavuno yalikuwa yamekolea na tulituma meseji nyingi kuliko kawaida. Pengine mashine ikatuona kama matapeli. Pengine kuna watu walibonyeza "ripoti," na sitaapa kwamba hao hawakuwa jamaa wa yule mjomba wa juu ya gunia. Baada ya siku 19 akaunti ilirudi yenyewe, bila barua, kama ng'ombe aliyepotea anayekutwa asubuhi amesimama zizini. Siku 19 za Juni, kwa mtu wa mahindi, ni msimu. Wakulima walikuwa wameshauza. Wameuza kwa nani, unajua.

Katika zile siku 19, usiku, kazi yangu ilikuwa kusoma habari za waliotutangulia. Iliyonikaa zaidi ni ya Zynga, labda kwa sababu nayo ilikuwa biashara ya mashamba. Mwezi Juni 2009 kampuni hii ya Marekani ilitoa mchezo uitwao FarmVille: unapanda, unasubiri, unavuna, na jirani yako anakusaidia kumwagilia, yote ndani ya Facebook. Mamilioni ya watu wazima, wengine hawajawahi kugusa udongo, wakawa wanaamka usiku kuwahi mazao yasinyauke. Pesa ikaingia kwa wanaonunua trekta za kuchora. Zynga ilipopeleka nyaraka zake ili iingie soko la hisa mwaka 2011, iliandika yenyewe, bila kuficha, kwamba karibu mapato yake yote yanapitia Facebook. Desemba mwaka huo hisa ziliuzwa kwa dola 10.

Facebook nayo ilipofungua vitabu vyake Februari 2012, ikaonekana kwamba asilimia 12 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia ilitokana na Zynga. Watu wakasema basi, wameshikana mashati, hakuna atakayemwangusha mwenzake. Mimi nilisoma namba hizo mbili kwenye karatasi moja nikaona hawakushikana mashati. Mmoja alishika shati, mwingine alishikwa shingo. Tayari mwaka 2010 Facebook ilikuwa imebana yale matangazo ya michezo yaliyokuwa yanamwagika kwenye kurasa za marafiki, kwa sababu watu wasiocheza walikuwa wamechoka nayo. Ilikuwa na haki, kusema kweli. Hata mimi nisingependa kuambiwa saa nane usiku kwamba binamu yangu amepata kondoo. Lakini matangazo hayo ndiyo yalikuwa mbegu ya Zynga. Kisha Facebook ikataka michezo itumie sarafu yake ya ndani, na yenyewe ikabaki na asilimia 30 ya kila malipo. Haukupita mwaka tangu siku ya dola 10, hisa za Zynga zikawa chini ya dola 3.

Hiyo asilimia 30 ilitufanya tubishane ofisini siku nzima. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa pango la nyumba na kwa makato ya serikali. Sisi kwa utani tulikuwa tumeongeza la tatu: kodi za kompyuta anazoandika mwenzangu. Swali likawa, Zynga ilikuwa inalipa kodi gani? Mwenzangu akasema ni pango, umekaa kwa mtu unalipa. Dada mhasibu akakataa. Pango, alisema, mwenye fremu akipandisha unabeba meza zako unahamia mtaa wa pili, hata kama utapoteza kilemba ulichotoa. Ukiona huwezi kuhama, hiyo unayolipa si ya mwenye nyumba tena, ni ya serikali. Tofauti ni kwamba ya serikali kuna bunge la kuijadili, tena liko hapahapa mjini, unalipita na daladala.

FarmVille yenyewe ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na safari hii Facebook haikuwa na hatia. Mchezo ulijengwa kwa Flash, teknolojia ya Adobe iliyowahi kuwa karibu katika kila kompyuta duniani, na siku hiyohiyo Adobe iliacha kuihudumia. Wazee wa hapa wanasema jina Dodoma limetokana na neno la Kigogo la kuzama, idodomya, kwa ajili ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama. Nimelisikia tangu utotoni na sikuwahi kuliwaza zaidi ya maswali ya mtihani. Usiku ule nililiwaza. Zynga, niongeze, haikuzama. Ilihamia kwenye simu, ikapona, na mwaka 2022 ikanunuliwa na kampuni ya Take-Two kwa mabilioni ya dola. Kwenye simu nako ilikuta mageti mawili tu ya kupitia, la Apple na la Google, na kila geti linakata.

Kisa kingine kilikuwa kinaendelea mwezi uleule wetu, nikikifuatilia kama mtu anayesikiliza mechi redioni. Kijana wa Kanada, Christian Selig, alikuwa ametengeneza programu ya simu iitwayo Apollo, ya kusomea mijadala ya Reddit, na wengi waliiona nzuri kuliko ya Reddit wenyewe. Kwa miaka alichota data zao bure, kwa idhini yao. Mwisho wa Mei 2023 akaambiwa bei mpya: dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50, ombi moja likiwa ni kila mara programu inapokwenda kuchota data. Watumiaji wake walikuwa wametuma maombi bilioni saba kwa mwezi mmoja. Alipopiga hesabu akapata kama dola milioni 20 kwa mwaka. Tarehe 30 Juni akafunga. Akaunti yetu ilikuwa imesharudi, na nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa na furaha.

Nilitaka kuamini kwamba wakubwa wana chuki, kwa sababu chuki ina mahali pa kuelekeza maombi. Kadiri nilivyosoma nikaona sivyo. Mara nyingi hawakuoni. Yule mjomba wa Kibaigwa anatuona vizuri sana. Anajua tunakula wapi, anajua pikipiki yetu ina pancha. Akipanga kutuumiza atatuumiza sisi, kwa majina yetu. Kampuni kubwa inabadilisha kipengele kimoja kwa ajili ya matapeli wa nchi nyingine kabisa, na mkulima wa Pandambili anaamka hana bei. Tembo hageuki kuangalia amekanyaga nini.

Kuna waliosema tuende mahakamani. Ninawaheshimu, ila nimesoma habari za Shivaun na Adam Raff, mke na mume wa Uingereza waliofungua tovuti ya kulinganisha bei iitwayo Foundem. Juni 2006, muda mfupi tu baada ya kuanza, Google iliishusha kwenye matokeo ya utafutaji mpaka pale ambapo hakuna mtu anayefika. Waliandika barua, wakaenda Brussels, na kesi ikakua. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya ikaitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kupendelea huduma yake ya manunuzi, na tarehe 10 Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikakazia. Walishinda. Ilichukua miaka 18, na Foundem yenyewe ilikuwa imeshafungwa tangu 2016. Sisi tulikuwa na siku 19 tu, na tusingezimudu hata hizo bila dada mhasibu kuuza mbuzi wake wawili.

Sheria zetu? Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika mwezi mmoja tu kabla, tarehe 1 Mei 2023. Inamlinda mkulima dhidi ya watu kama sisi, na ni vizuri. Haina kifungu cha kunirudishia akaunti.

Siku ya nne tukaamua kurudi kwenye meseji za kawaida, na hapo nikajifunza kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Meseji moja ya simu hubeba herufi 160. Kiswahili kinaingia humo bila taabu kwa sababu hatuna vialama juu ya herufi kama Wafaransa. Basi mwenzangu akaandika ya Ijumaa, bei za mahindi na alizeti, na kwa kuwa kesho yake ni mnada wa Msalato akaongeza na bei ya ng'ombe. Ikawa herufi kama 150. Tukatuma. Salio likaisha kabla nusu ya watu hawajapata. Tulikaa mpaka usiku tukitafuta mwizi. Dada mhasibu ndiye aliyemkamata. Kompyuta ya mwenzangu, kwa kupenda urembo, ilikuwa imebadilisha ile alama ya ng'ombe, badala ya kistari kilichonyooka ikaweka kilichopinda. Kilichopinda hakimo katika alfabeti ya meseji. Alama moja ya namna hiyo ikiingia, mtambo unabadilisha mfumo wa meseji nzima, nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70, na meseji moja inakatwa vipande vitatu, kila kipande na bei yake. "Yaani huyu ng'ombe," alisema dada akiigonga skrini kwa kalamu, "ametula mara tatu kabla hajafika mnadani." Tangu hapo tunaandika "bei ya mifugo." Na wateja wa Chang'ombe tunawaandikia "mtaa wenu."

Kwa hiyo usidhani nakwambia rudi kwenye meseji ukapumzike. Kampuni za simu nazo ni kubwa, nazo zina masharti, na jina la mtumaji lazima lisajiliwe kwanza. Tuliruka majivu tukakanyaga moto kidogo. Lakini hapo kuna mambo mawili ambayo kule hayakuwepo. Kampuni ziko kadhaa, mmoja akinuna wengine wanapitisha. Na wote wana mkubwa wao, TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, mwenye ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma, yenye mlango, foleni na mtu wa mapokezi anayekuambia njoo kesho. Hujui ilivyo raha kuambiwa njoo kesho na mtu mwenye uso.

Mtandao mkubwa hatukuuacha, ingawa wapo wasomaji watakaotuona wanafiki. Sauti bado ni sauti, na mzee asiyesoma bado yupo. Tunaenda kule kama watu wanavyokwenda Msalato Jumamosi: unafika na mbuzi wako, unauza, unakula nyama, jioni unarudi kwako. Sijawahi kuona mtu anayechimba msingi wa nyumba katikati ya mnada. Sisi tulichimba, tena tukaezeka.

Tatizo letu kubwa wakati wa kurudi halikuwa meseji. Lilikuwa la kutuma kwa nani. Wale zaidi ya elfu tano walikuwa ndani ya akaunti iliyofungwa, na hatukuwahi hata siku moja kuwatoa na kuwaweka pembeni. Orodha yetu ya zamani, ya enzi za kitochi, ilikuwa na namba elfu mbili hivi, nusu yake laini zimekufa au ziko kwa mtu mwingine. Tulimpigia mzee mmoja wa Mvumi akapokea binti wa Mbeya, akatutukana.

Ndipo dada mhasibu akasema twende kwa mama.

Mama huyu alikuwa wakala wetu Pandambili tangu mwanzo. Ana genge la nyanya na dagaa, na mbele ya genge ana mzani. Tulipohamia kwenye mtandao mkubwa tulimpa simu janja tukamwambia aandikishe watu humo, aachane na karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili. Tulipofika siku ile, simu ilikuwa kabatini imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, inang'aa kama siku aliyoipata. Mezani kulikuwa na kaunta buku tatu, jalada lake limekakamaa kwa mafuta ya dagaa, na kalamu ya Bic imefungwa kwa uzi wa katani.

Nilifungua. Kila mstari ulikuwa na jina kamili, kijiji, namba ya simu, na pembeni namba ya pili: ya mtoto, ya jirani, ya mwalimu wa shule. Kisha magunia ya kila mwaka. Waliokufa walikuwa na msalaba mdogo na jina la anayelima shamba hilo sasa. Waliobadilisha laini, ya zamani imekatwa kwa rula. Nilihesabu kurasa kwa macho nikaona watu wanapita elfu mbili, na wote anawajua.

"Mama," nilimwambia, "umetuokoa. Tunaomba tukatoe nakala."

"Nakala ya nini, mwanangu?"

"Ya hili daftari letu."

Alivuta kaunta buku moja, akaiweka mapajani, akaifuta vumbi kwa khanga. "Daftari lenu ni lipi?" akauliza. "Lenu si lile la kwenye simu?"

Tulikaa pale mpaka jua likazama. Masharti yake yalikuwa wazi. Kila gunia litakalotoka kwa mtu aliyemo katika daftari, shilingi 100 ni yake, juu ya malipo ya uwakala. Nakala itatolewa steshenari ya Kibaigwa, yeye akiwepo, ukurasa kwa ukurasa, na daftari halilali nje. Mwenzangu alijaribu kumshusha hadi 50. Mama akamkaribisha dagaa. Tukakubali 100.

Dada mhasibu akaandika makubaliano palepale kwa ile kalamu ya katani. Alipomaliza, mwenzangu, aliyekuwa bado na vidonda vya rufaa zake tatu, akasema tuongeze kifungu: siku mama akiamua kuachana nasi, atupe taarifa mwezi mmoja kabla, na atuambie kosa letu.

Mama alimtazama, halafu akanitazama mimi, kama anayetafuta kati yetu mwenye akili zaidi.

"Kwani hilo nalo linaandikwa?" akasema. "Kuna mtu anaacha watu bila kuwaambia?"